DAMU IKIMWAGIKA: FUNZO LA HEMA LA SAAD BIN MUADH (R.A.)



 Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote. Baada ya hayo, nataka mimi nawe tukae kidogo tuzungumze historia. Lakini si historia ya wafalme wala ya majumba. Ni historia ya damu, na jinsi mwanadamu anavyokufa inapomtoka.

Usikunje uso. Hebu jiulize, ni mara ngapi umekwenda mazikoni kwa mama aliyefariki akijifungua, ukasikia watu wamekaa pale barazani wakisema, "Alitokwa na damu nyingi. Basi, siku yake ilikuwa imefika"? Au kijana wa boda boda aliyegongwa, akalazwa kando ya barabara, watu wamemzunguka wakimtazama mpaka akakata roho, kisha neno likawa lile lile: siku yake?

Neno lenyewe ni la kweli. Kila nafsi ina siku iliyoandikiwa, na hakuna Muislamu anayebishana na hilo. Lakini neno la kweli laweza kusemwa mahali pasipo pake. Suala langu ni moja tu: tulisema "siku yake imefika" baada ya kufanya nini? Jibu tulitafute kwanza kwenye Sira, kisha tuone wanadamu wamefika wapi tangu siku hizo.

MKEKA WA UHUD

Mwaka wa 3 Hijria (625), katika Vita vya Uhud, Mtume (S.A.W.) alijeruhiwa usoni na jino lake likavunjika. Hadithi yake imo katika Bukhari na wengi wetu tuliisoma chuoni tukiwa wadogo. Bi Fatma (R.A.) alikuwa akimuosha babake ile damu, na Sayyidna Ali (R.A.) akimimina maji kutoka kwenye ngao. Bi Fatma akaona maji hayapunguzi damu, bali yaizidisha. Akachukua kipande cha mkeka, akakichoma mpaka kikawa jivu, akalibandika lile jivu juu ya jeraha. Damu ikakatika.

Wengi wetu hukipita kisa hiki haraka haraka. Mimi nataka tukitazame vizuri. Damu ikitoka mwilini hujaribu kuganda yenyewe ili izibe tundu. Ukimwagia maji kila mara, unaliosha lile donge kabla halijashika. Jivu ni kavu, lanyonya unyevu, na damu hupata kitu cha kujishikilia. Bi Fatma hakusomea udaktari popote. Alifanya mambo matatu tu: alijaribu, akatazama kwa macho yake, akabadilisha njia alipoona ya kwanza haifai. Wala hatukusikia mtu pale Uhud akisema tumuachie Mwenyezi Mungu tu.

(Tafadhali, leo usitie jivu kwenye jeraha. Una kitambaa safi na una viganja viwili. Tutafika huko.)

HEMA NDANI YA MSIKITI

Miaka miwili baadaye, mwaka wa 5 Hijria (627), maadui wakauzunguka mji wa Madina, na Waislamu wakachimba handaki. Miongoni mwa waliotoka siku hiyo ni Saad bin Muadh (R.A.), mkuu wa kabila la Aws. Wapokezi wa Sira watuambia kwamba deraya aliyovaa ilikuwa fupi, mikono yake ikabaki wazi, na Bi Aisha (R.A.) akatamani ingekuwa ndefu zaidi. Ukaja mshale wa mtu wa Kikureshi ukampiga kwenye akhal.

Akhal ni nini? Ni ule mshipa ulio katikati ya mkono, hapo kwenye kunjo la kiwiko. Ukunjue mkono wako sasa hivi uutazame. Ndipo hapo hapo daktari anapotafuta mshipa akitaka kukutoa damu ya kupima. Liweke hilo moyoni, tutalirudia.

Sasa tazama Mtume (S.A.W.) alifanya nini. Aliamrisha Saad apigiwe hema ndani ya msikiti, ili awe karibu naye apate kumzuru. Sira yamtaja pia Bi Rufaida wa kabila la Aslam, mwanamke aliyekuwa akiwatibu majeruhi, kwamba Saad alipelekwa kwake. Na Muslim amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alilichoma jeraha la Saad kwa mkono wake mwenyewe, kwa chuma cha moto, ili damu ikatike. Mkono ukavimba. Akalichoma tena mara ya pili.

Mara ya pili, ndugu yangu! Huyu ni Mtume wa Mwenyezi Mungu, anayejua kuliko sote kwamba siku ya mtu imeandikwa. Lakini alitafuta mahali pa kumlaza mgonjwa, akamtafutia mtu wa kumtazama, akatumia tiba kali kuliko zote zilizokuwepo zama zile, na ilipokataa akairudia.

Damu ilikatika kwa muda. Saad aliishi mpaka akatoa hukumu ya Banu Quraidha, na alikuwa amemuomba Mola wake kwamba ikiwa vita baina yao na Makureshi vimekwisha, basi jeraha lile lifunguke na liwe ndio sababu ya kifo chake. Usiku mmoja likafunguka. Palikuwa na hema jingine pale msikitini, la watu wa Banu Ghifar. Wao hawakujua lolote mpaka walipoona damu yatiririka kuja upande wao. Walipokwenda kutazama wakamkuta Saad damu yamtoka kwa wingi, na kwa jeraha hilo akafariki. Na Mtume (S.A.W.) akatueleza kwamba Arshi ilitikisika kwa kifo chake.

Basi hapo ndipo neno "siku yake" lilipofika mahali pake. Lilikuja mwisho, baada ya hema, muuguzi na moto mara mbili. Halikuja mwanzo.

KWA NINI DAMU IKITOKA MTU HUFA

Kabla ya kuendelea yafaa tujue kinachotokea mwilini. Mtu mzima ana damu kama lita 5 hivi, yaani nusu ya lile dumu la lita 10 tunalotekea maji. Akipoteza nusu lita, kiasi cha chupa moja ya soda, mwenye afya hata hababaiki. Akipita lita moja, moyo huanza kwenda mbio, jasho baridi humtoka, mikono na miguu hupoa, na kiu humshika. Hapo mwili wenyewe umeshaanza kunyang'anya: waitoa damu kwenye ngozi na matumbo ili ubongo na moyo vipate. Ndiyo sababu viganja na midomo hupauka. Akifika lita 2, yaani kama asilimia 40 ya damu yote, presha huanguka, akili huchanganyikiwa, na mauti huwa karibu sana.

Moyo ni kama pampu ya kisima. Iwe nzima namna gani, kisima kikikauka itapiga hewa tu. Na balaa jingine ni kwamba mtu akishapoteza damu nyingi mwili hupoa, na damu iliyopoa haigandi vizuri. Kwa hivyo kadiri anavyotokwa na damu, ndivyo inavyozidi kuwa vigumu kuizuia. Hii ni shughuli ya dakika, si ya siku.

Kutokana na haya utaona kwamba kumuokoa mtu anayetokwa na damu kwahitaji mambo mawili: kuziba tundu, na kurudisha kilichomwagika. La kwanza wanadamu walilijua zamani. La pili lilichukua takriban miaka 1,300 tangu usiku ule wa Saad.

KUZIBA TUNDU

Katika kuziba tundu, Waislamu walifika mbali. Abul-Qasim al-Zahrawi (936 hadi 1013), daktari wa Andalusia karibu na mji wa Cordoba, aliandika kitabu chake al-Tasrif katika sehemu 30. Sehemu ya mwisho ni ya upasuaji, na ndani yake amechora vyombo vyake mwenyewe. Alieleza njia nne za kukata damu ya mshipa mkubwa: kuuchoma kwa chuma cha moto, kuukata kabisa ule mshipa uliokatika nusu ili ncha zake zirudi nyuma na kujifunga, kuufunga kwa uzi, au kutia dawa ya kuzuia damu na kulifunga jeraha kwa nguvu. Na kabla ya yote hayo, aliagiza kidole kiwekwe pale pale damu inapotokea.

Al-Zahrawi aliandika pia habari za kijiji kimoja ambako wanaume walikuwa wakipata jeraha dogo tu hutokwa na damu mpaka wakafa. Leo twajua kwamba huo ni ugonjwa wa hemofilia, unaorithiwa kupitia kwa mama. Kitabu chake kilitafsiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12, na madaktari wa Ulaya wakakitegemea kwa karne kadhaa.

Lakini njia zote nne za al-Zahrawi ni za kuziba. Mtu aliyekwisha kumwaga lita 2 na nusu, ukimziba vizuri namna gani, kisima kimekauka. Na hakuna aliyeweza kufikiria kukijaza, manake hakuna aliyejua sawasawa damu yatoka wapi na yaenda wapi.

DAMU YAZUNGUKA

Wakati ule madaktari wote, wa Mashariki na Magharibi, walikuwa wakimfuata Galen, Myunani wa karne ya 2. Yeye alisema damu yatengenezwa kwenye ini kwa chakula, kisha mwili waitumia ikaisha, kama taa inavyotumia mafuta. Na akasema damu hupita kutoka upande mmoja wa moyo kwenda wa pili kwa vitundu visivyoonekana.

Aliyethubutu kusema hapana ni Ibn al-Nafis, mzaliwa wa Damascus aliyefanya kazi Cairo na kufariki mwaka 1288. Katika sharhe yake ya mwaka 1242 alieleza kwamba ukuta ule wa moyo hauna vitundu, na kwamba damu hutoka moyoni ikapita kwenye mapafu, ikachanganyika na hewa, kisha ikarudi moyoni. Maneno hayo yalisahauliwa, mpaka mwaka 1924 daktari wa Kimisri, Muhyiddin al-Tatawi, alipoyakuta kwenye maandiko ya kale akiwa mwanafunzi Ujerumani.

Mwaka 1628 Muingereza William Harvey akaukamilisha mzunguko wote. Na hoja yake kubwa ilikuwa hesabu. Alipima kiasi cha damu ambacho moyo husukuma kwa pigo moja, akazidisha kwa idadi ya mapigo, akaona kwamba kwa saa moja tu moyo wasukuma damu nyingi kuliko chakula chochote kinavyoweza kutengeneza. Kwa hivyo damu haiishi kama mafuta ya taa. Ni ile ile, yazunguka, na ina kipimo.

Lakini kuwa na elimu kitabuni si sawa na kuitumia. Zaidi ya miaka 170 baada ya Harvey, tarehe 14 Desemba 1799, George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, aliugua koo. Madaktari wake wakamtoa damu mara nne kwa chini ya siku moja, zaidi ya lita 2 kwa jumla, na usiku huo akafariki. (Usije ukaifananisha na hijama, ambayo hutoa damu kidogo tu ya ngozini. Hawa walifungua mshipa.) Elimu ilikuwepo, lakini mkono ulifuata mazoea.

KURUDISHA KILICHOMWAGIKA

Walikuwepo waliojaribu kumtia mtu damu ya mnyama. Mwaka 1667 huko Paris daktari Jean-Baptiste Denis alimtia kijana mmoja damu ya mwanakondoo. Baada ya mgonjwa mwingine kufa, jambo hilo likapigwa marufuku, na likalala kwa miaka 150 hivi.

Aliyeliamsha ni James Blundell, daktari wa kina mama jijini London. Alikuwa amechoka kusimama kitandani akimtazama mama aliyejifungua salama akimalizika kwa kutokwa na damu, mtoto yuko pembeni analia. Alifanya majaribio kwa mbwa, akafahamu kwamba mtu atiwe damu ya mtu, si ya mnyama. Kuanzia mwaka 1818 akawa anachukua damu ya mtu mzima na kumtia mgonjwa kwa bomba la sindano. Mwaka 1829 alichapisha habari za mama mmoja aliyerudi kutoka mlangoni mwa kifo. Lakini wengine walikufa, na yeye hakujua kwa nini huyu apone na yule afe.

Jibu lilikuja Vienna mwaka 1901. Karl Landsteiner aligundua kwamba damu za watu si moja, zina makundi. Ndio haya tunayoyajua leo ya A, B na O, na mwaka uliofuata wenzake wakaongeza AB. Ukichanganya yasiyopatana, damu huharibika ndani ya mishipa. Kwa kazi hiyo alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1930, na siku aliyozaliwa, 14 Juni, ndiyo Siku ya Wachangiaji Damu Duniani.

Lilibaki tatizo moja: damu ikitoka huganda. Yule Bi Fatma alitaka igande. Hawa walitaka isigande. Ilibidi anayetoa alale kando ya anayepewa. Mwaka 1914, Albert Hustin huko Ubelgiji na Luis Agote huko Argentina wakapata kwamba ukitia chumvi iitwayo sitreti, damu haigandi. Kuanzia hapo ikawezekana kuiweka kwenye chupa, kuitia baridi na kuingojesha mgonjwa. Mwaka 1917, katika Vita Vikuu vya Kwanza, daktari Oswald Robertson alikuwa akipeleka damu iliyowekwa kwenye barafu hadi karibu na uwanja wa vita.

Kwa mara ya kwanza kisima kiliweza kujazwa. Na sharti likawa moja, ambalo halijabadilika mpaka leo: hakuna kiwanda cha damu. Sayansi imempeleka mtu mwezini, lakini damu kamili ya kumtia mgonjwa aliyemaliza yake haipatikani ila kwa mkono wa mwanadamu mwingine.

AGOSTI 1998

Sasa turudi nyumbani. Ijumaa tarehe 7 Agosti 1998, asubuhi baada ya saa nne na nusu, bomu lililipuka kwenye ubalozi wa Marekani jijini Nairobi. Watu 213 walikufa, wengi wao Wakenya wenzetu waliokuwa kazini au wapita njia, na maelfu wakajeruhiwa. Asubuhi hiyo hiyo Dar es Salaam wakafa 11. Wazee wetu wanaikumbuka siku ile kwa vumbi na vioo, lakini wengi wanaikumbuka pia kwa foleni. Watu walijipanga kutoa damu, wa kila dini na kila kabila, hakuna aliyemuuliza mwenzake jina.

Foleni ile ilikuwa jambo la sifa. Lakini ilifichua aibu. Hapo awali hospitali zetu nyingi zilitegemea jamaa za mgonjwa: mgonjwa akija, ndugu zake watafute watu wa kutoa. Damu mbichi haitoki mkononi ikaingia kwa mgonjwa papo hapo. Lazima itambuliwe kundi, ipimwe ukimwi, homa ya ini na kaswende. Hiyo huchukua saa, na tumeona hapo juu kwamba mtu anayetokwa na damu ana dakika. Ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 2000 ndipo nchi ikapata huduma ya taifa ya kukusanya damu, kwa msaada wa Marekani uliotolewa baada ya shambulizi lile, ikijengwa juu ya watu wanaojitolea bila malipo.

Tarehe 21 Septemba 2013 magaidi wakavamia Westgate, wakaua watu 67. Foleni zikarudi tena, ndefu. Mbona basi twajipanga misiba ikija tu? Damu inayomuokoa majeruhi wa leo ni ile iliyotolewa wiki iliyopita na mtu asiyejua itakwenda kwa nani. Ukikimbilia foleni leo, umefanya kheri, lakini yako itamfaa mgonjwa wa kesho kutwa. Na je, kesho kutwa tukiwa hatuna msiba kwenye habari, nani atajipanga?

MAMA ZETU

Manake msiba upo kila siku, ila haupigi kelele. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilikisia kwamba kiasi cha kina mama 70,000 walikuwa wakifa kila mwaka kwa kutokwa na damu baada ya kujifungua, na wengi wao ni katika nchi kama zetu. Sababu yake ni rahisi kuelewa. Mimba ikitimia, zaidi ya nusu lita ya damu hupita kwenye mfuko wa uzazi kila dakika. Mtoto na kondo la nyuma vikitoka, mfuko ule unatakiwa ukaze kama ngumi ili uibane mishipa. Usipokaza, bomba limebaki wazi. Mama mzima kabisa, aliyekuwa akizungumza na kucheka, aweza kumalizika ndani ya saa mbili.

Na dawa zipo. Mwaka 2017 utafiti uliohusu kina mama 20,000 katika nchi 21 ulionyesha kwamba dawa ya kuzuia donge la damu lisiyeyuke, iitwayo traneksamiki, ikitolewa ndani ya saa tatu hupunguza vifo vya kutokwa na damu kwa karibu thuluthi moja. Mwaka 2023 ukatoka utafiti mwingine wa E-MOTIVE, uliofanywa Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Mama alitandikiwa karatasi ya plastiki yenye mfuko wenye alama za kipimo, ili mkunga aone damu imefika wapi badala ya kukisia kwa macho, na ikizidi apewe tiba zote pamoja bila kungoja moja ishindwe. Kutokwa na damu kwingi kukapungua kwa asilimia 60. Ni ile ile hesabu ya Harvey: damu ina kipimo, basi ipime.

Lakini karatasi na dawa havimfai aliyechelewa kufika, wala hazimrudishii aliyekwisha kumwaga lita 2. Na hapa yataka tuseme ukweli baina yetu. Kuna mama amecheleweshwa nyumbani kwa sababu mumewe yuko safarini na hakuna aliyethubutu kumtoa bila idhini yake. Kuna aliyecheleweshwa kwa kuona haya ya kuhudumiwa na daktari mwanamume, na hali sheria yetu imejaa milango ya dharura. Kuna aliyefika hospitali kwa wakati, daktari yupo, thieta iko wazi, na jokofu la damu ni tupu. Kisha twakaa barazani twasema siku yake ilikuwa imefika. Wallahi, sisi tumefanya alilofanya Mtume (S.A.W.) kwa Saad? Hema tulilipiga wapi?

RAMADHAN HII TUFANYE NINI

Kwanza, damu haikai. Seli nyekundu za damu hudumu kwenye jokofu siku 35 hadi 42 tu, kutegemea namna ilivyohifadhiwa. Piga hesabu mwenyewe: iliyotolewa mwisho wa Shaaban, Idi ikifika iko karibu kuharibika. Na katika nchi hii sehemu kubwa ya damu hutoka kwa wanafunzi, kwa hivyo shule zikifungwa, majokofu hukauka. Ikiwa Ramadhan nasi Waislamu tutasema tumefunga tusiguswe, basi katika mtaa ulio na Waislamu wengi mwezi wa rehma utageuka kuwa mwezi wa ukame.

Wanavyuoni wengi wa zama zetu wameruhusu kutoa damu kwa ajili ya kumuokoa mgonjwa, maadamu haiuzwi na mtoaji hadhuriki. Kuhusu kutoa ukiwa umefunga kuna khilafu, wengine wameilinganisha na hijama, basi muulize sheikh wako. Lakini usiku hauna khilafu. Futuru, kunywa maji ya kutosha, kisha katoe. Vijana wa msikiti waweza kuzungumza mapema na kituo cha damu kilicho karibu, wahudumu waje baada ya tarawehe, watandike vitanda kwenye ukumbi wa madrasa. Kina dada wapate upande wao na wahudumu wanawake. Wanaokubaliwa ni wenye miaka 16 hadi 65, wenye uzito wa kilo 50 na zaidi na afya nzuri. Huchukuliwa mililita 450 hivi, ile chupa ya soda tuliyoitaja. Mwanamume aweza kurudia baada ya miezi mitatu, mwanamke baada ya minne.

Pili, jifunze kuziba tundu. Ukimkuta majeruhi barabarani, usisimame kupiga picha. Mlaze chini, weka kitambaa safi juu ya jeraha, gandamiza kwa viganja viwili kwa nguvu wala usifunue kila mara kuchungulia, manake utaliondoa donge kama yale maji ya Uhud. Kitambaa kikilowa ongeza kingine juu. Ikiwa ni mkono au mguu na damu yaruka haikatiki, funga kwa kitambaa kipana juu ya jeraha, ukaze mpaka ikome, ukumbuke saa uliyofunga. Mfunike asipate baridi, kisha hospitali mbio.

Tatu, mwenye mke mja mzito apange safari ya hospitali kabla ya uchungu: gari la nani, pesa ziko wapi, na ndugu gani wawili watakuwa tayari kutoa damu. Na kabla hujasafiri, acha idhini yako wazi, isingoje simu yako.

Aya ya 32 ya Suratul-Maida kila aliyepita chuoni aijua, na uzito wa kuhuisha nafsi moja twaufahamu. Zamani, mtu angeweza kusema hana la kufanya. Bi Fatma alikuwa na mkeka, Bi Rufaida alikuwa na hema, al-Zahrawi alikuwa na uzi na moto. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na uwezo wa kukijaza kisima, na bado walifanya yote waliyoyaweza. Wewe unao uwezo huo. Uko kwenye kunjo la kiwiko chako, kwenye akhal, mshipa ule ule ambao kwao damu ya Saad ilimwagika mchangani. Yako yaweza kuingia kwenye mfuko, ikapanda gari usiku, ikamkuta mama usiyemjua wala yeye hakujui, akaamka alfajiri akamnyonyesha mwanawe.

Akifa baada ya hapo, tutasema siku yake ilikuwa imefika, na tutakuwa tumesema kweli.

Mwenyezi Mungu atutakabalie saumu zetu, awarehemu kina mama waliotangulia, awaponye majeruhi wote, na atujaalie kuwa sababu ya uhai wa wengine. Amin.